KIZURI HAKIJIUZI TENA: Kijana, tangaza biashara yako, kisha linda soko lako

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kuuza viatu Kariakoo. Msemo wao ulifaa kijijini, penye fundi viatu mmoja na njia moja ya kwenda kisimani. Leo katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam wamejaa vijana wanaouza kiatu kile kile, na kizuri kinazeekea ndani ya gunia pamoja na kibaya kwa sababu hakuna anayejua kama kipo.

Ndugu msomaji, wewe unayeamka alfajiri kufungua belo la mtumba, wewe unayekaanga chipsi Manzese, wewe fundi simu mwenye meza moja na taa moja, leo nataka tuzungumze habari ya matangazo. Najua utasema matangazo ni ya vigogo. Kweli, kwa miaka mingi yalikuwa ya vigogo. Sekunde 30 za redioni, robo ukurasa wa gazeti, bango la barabarani: hayo yalikuwa mambo ya kampuni za bia na mabenki. Kabwela aliachiwa koo lake tu. Apige kelele mpaka limkauke, na mgambo wa jiji wakitokea akimbie na mzigo kichwani.

Hali hiyo imebadilika, lakini wengi wetu hatujaitambua silaha tuliyoishika mkononi. Mwaka 2006, huko San Francisco, Marekani, ulianzishwa mtandao wa Twitter, ambao tangu Julai 2023 unaitwa X. Wazo lake lilikuwa dogo: andika maneno machache, yasomwe na yeyote anayetaka kukufuata. Mwanzoni kila ujumbe ulikuwa na herufi 140 tu, kwa kuwa ulipimwa uenee katika meseji ya kawaida ya simu yenye herufi 160. Mwaka 2017 zikaongezwa kuwa 280. Wasomi waliucheka ufupi huo. Kumbe ndiyo lugha ya mchuuzi! Nani amewahi kumwona machinga akihutubia? Machinga anataja kitu, bei na mahali, basi.

Chukua mfano wa gari moja la chakula huko Los Angeles. Novemba 2008, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, lilitoka barabarani gari lililoitwa Kogi, likiuza nyama choma ya Kikorea iliyofungwa ndani ya vichapati vya mahindi vya Kimeksiko. Mpishi wake alikuwa Roy Choi. Hawakuwa na mgahawa wala bango. Walikuwa na gari linalohamahama, na gari linalohamahama mteja atalipata wapi? Wakaitumia Twitter kutangaza jambo moja: leo tupo mtaa fulani, kuanzia saa fulani. Watu wakajipanga foleni ndefu usiku wa manane. Mwaka 2010 jarida la Food & Wine likamtaja Choi miongoni mwa wapishi wapya bora wa Marekani.

Umeona hapo? Hawakutunga mashairi ya kuisifu nyama yao. Walimwambia mteja kile alichohitaji kukijua, kwa wakati aliokihitaji. Huyo ni sawasawa na mama lishe wa kwetu anayefukuzwa kona hii leo na kesho akaibukia kona nyingine. Tofauti ni kwamba wateja wa Kogi waliijua kona ya kesho. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa pembeni mwa barabara za jiji letu na kupelekwa maeneo waliyopangiwa, wangapi walipoteza kwa siku moja wateja wa miaka mingi, kwa sababu tu mteja hakujua jamaa yake kahamia wapi?

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Kijana anaandika: "Karibuni wateja wetu wapendwa, tunauza viatu vikali kwa bei poa, njooni wote." Kiatu gani? Namba ngapi? Uko wapi? Shilingi ngapi? Mteja akiuliza anajibiwa: "Bei inboksi." Jamani, bei imekuwa siri ya jeshi? Mnunuzi akifichwa bei anajua moja kati ya mawili: ama ni kubwa mno, ama inapangwa kwa kumtazama mtu usoni. Anaondoka kimya, na wewe unabaki kulaumu hali ngumu ya maisha.

Andika hivi: "Raba nyeusi, namba 42, mtumba, soli nzima, kamba mpya. Sh 35,000. Nipo Karume mpaka saa 12 jioni." Weka picha uliyoipiga mwenyewe, penye mwanga, ukionyesha na ile sehemu iliyochubuka. Ndiyo, iliyochubuka! Mji huu umechoka kutapeliwa. Nani mwenye simu ambaye hajapata kutumiwa ile meseji ya "hela tuma kwenye namba hii"? Mteja anapokukuta mtandaoni, swali lake la kwanza halihusu kiatu. Anajiuliza kama wewe ni mfanyabiashara au ni tapeli. Anayelionyesha doa la kiatu chake mwenyewe amekwisha kulijibu swali hilo.

Mteja akilalamika hadharani, mjibu hadharani, kwa adabu, siku ile ile. Watakaolisoma jibu lako ni wengi kuliko huyo mmoja aliyelalamika. Ukimtukana umemwandikia mshindani wako tangazo la bure. Wala usiuze asubuhi, mchana na usiku. Fundi simu anayeeleza bure namna ya kuiokoa simu iliyoingia maji atafuatwa na watu ambao simu zao bado nzima. Siku zikiharibika watakwenda kwa nani? Na usinunue wafuasi. Wafuasi 10,000 wa kununua hawavai viatu wala hawali chipsi.

Jihadhari pia na kuuza penye msiba. Wapo wanaoona jambo fulani linavuma, wanaichukua alama yake ya reli na kuibandika kwenye tangazo la suruali. Februari 2011, Wamisri wakiwa mitaani Cairo wakimkabili Rais Hosni Mubarak, mbunifu wa viatu na nguo wa Marekani, Kenneth Cole, aliandika Twitter kwa utani kwamba ghasia zile zimetokana na habari za nguo zake mpya. Dunia ilimjia juu, na akalazimika kuomba radhi. Yule ana maduka na mawakili. Wewe una meza moja.

Hayo ndiyo ya kutangaza. Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, maana gazeti hili halikuandikiwi ili ukauze raba tu.

Kibanda chako cha mtandaoni kimejengwa katika kiwanja cha mtu, na kiwanja hicho kina wababe wawili. Wa kwanza ni mwenye mali. Oktoba 2022 tajiri Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na mwenye nyumba mpya akaja na masharti mapya. Tiki ya bluu, iliyokuwa ikitolewa bure kuthibitisha kwamba mtu ni yeye kweli, ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Novemba hiyo hiyo mtu mmoja akainunua tiki, akajiita Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kesho yake bei ya hisa za kampuni hiyo ilishuka. Ikiwa kampuni kama hiyo inaweza kuvuliwa jina lake kwa dola 8, je, wewe?

Mbabe wa pili yuko hapa hapa nyumbani, nao ni wakubwa wanaodhani mtandao ni swichi ya taa ya sebuleni kwao. Tuhesabu. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kulipa ada zilizojumlika kuwa zaidi ya shilingi milioni 2. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, Twitter ilibanwa. Oktoba 2023 TCRA ikawataka wanaotumia VPN wajitambulishe, ikikumbusha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili. Mei 2025, akaunti ya Jeshi la Polisi ilipovamiwa na wahuni, X nzima ikafungwa nchini. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ikazimwa, ikaanza kurejea tarehe 3 Novemba.

Siasa tuiweke kando kidogo tupige hesabu ya dukani. Siku hizo tano, kijana anayepokea oda zake kwenye simu alikula nini? Kodi ya chumba ilisimama? Bando alilokuwa amelinunua alirudishiwa na nani? Mgambo akivunja kibanda chako unaona mbao zimelala chini, unalia, na majirani wanakuhurumia. Lakini mtandao ukizimwa hakuna mbao wala vumbi, na mkubwa anapita na gari lake hajui kwamba amevunja vibanda elfu kwa siku moja.

Watatuambia kwamba mtandao ule una picha za ngono, na ndiyo sababu iliyotolewa mwaka 2025. Sawa, uchafu upo, na hakuna mzazi anayeupenda. Lakini mwizi akiingia sokoni Kariakoo tunamkamata mwizi; hatulifungi soko na kuwaacha wenye nyanya zao zioze. Serikali yenye sheria, polisi na mahakama inashindwaje kumfuata mkosaji mmoja mpaka imwadhibu muuza raba asiyemjua?

Wala si sisi peke yetu. Juni 2021 serikali ya Nigeria iliifungia Twitter baada ya mtandao huo kuufuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari. Ilichukua miezi saba, mpaka Januari 2022, kuifungulia. Ugomvi wa mkubwa mmoja na kampuni moja, wachuuzi wa taifa zima wakalipa. Julai 2022 Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ikaamua kwamba kifungo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Waliokwenda mahakamani walikuwa raia na vyama vyao vya kiraia. Hawakukaa kusubiri huruma ya Ikulu.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ufanye nini? Kwanza, nunua daftari. Kila anayenunua kwako, muombe namba yake ya simu, kwa ridhaa yake, uiandike humo. Mtandao ukizimwa unaweza kupiga simu. Ukiibiwa akaunti unaweza kutuma meseji. Wafuasi wa X ni wa mwenye X, ila walio katika daftari ni wako. Pili, usitundike kibuyu chako kwenye tawi moja. Kuwa na mahali pawili au patatu pa kupatikana, na pote patajane. Tatu, usinyamaze. Mkiwa na ushirika wa bodaboda, wa mafundi au wa wauza mitumba, kaeni mwandike hasara mliyoipata, siku kwa siku, shilingi kwa shilingi. Mbunge akija na fulana na kofia, msiishie kumshangilia. Muulizeni: mtandao ulipofungwa, wewe ulisema nini bungeni? Na sheria ipi utaipeleka ili asiwepo mtu wa kuzima riziki za watu kwa amri tu, bila mahakama, bila fidia?

Akishindwa kujibu, nalo liandikeni, na lisizidi herufi 280. Kazi kwenu.