Shitaka la Wizi na Neno "Ni Kweli"

Hakuna maneno mepesi kinywani na mazito mbele ya hakimu kama maneno haya mawili: "Ni kweli." Mtu asimama kizimbani Geita, Kahama au Shinyanga, asomewa shitaka kwamba siku fulani aliiba shilingi kadha wa kadha, mali ya mwajiri wake, kisha aulizwa kama ni kweli au si kweli. Naye, kwa kuwa fedha zile zilipita mkononi mwake, na kwa kuwa alifundishwa tangu utoto asiseme uongo mbele ya wakubwa, ajibu, "Ni kweli." Moyoni ametaka kusema, "Ni kweli nilizipokea," au, "Ni kweli hazikutimia." Kitabuni imeandikwa kwamba amekiri kuiba.

Kwa miaka mingi jambo hili lilizidi ubaya kwa sababu ya lugha. Katika mahakama za wilaya mshitakiwa alisema Kiswahili, na hakimu akaandika Kiingereza. Maana ilivuka daraja lile kwa bahati tu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko haya ni mema sana, lakini hayamsaidii mtu asiyejua lile analoulizwa. Hakimu haulizi kama ulishika fedha. Auliza kama uliiba.

Basi wizi ni nini? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria zetu, katika kifungu cha 258 kwa hesabu ya toleo la mwaka 2022, yasema kwamba mwizi ni yule achukuaye kitu kinachoweza kuibwa, kwa nia ya udanganyifu na bila kuwa na dai la haki juu ya kitu hicho, au akigeuzaye kuwa matumizi yake kitu alichokwisha kukipokea. Kuchukua peke yake hakutoshi; lazima iwepo nia. Adhabu ya wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 7. Wizi wa mifugo, ambao watu wa Usukuma waujua kwa uchungu, waweza kufika miaka 15. Wizi wa mtumishi wa umma, na wa karani amwibiaye bwana wake, una vifungu vyake peke yake, kwa kuwa sheria humhesabu mwenye kuaminiwa kuwa ndiye mkosaji mkubwa zaidi. Mwaka 1963 Bunge lilikwenda mbali zaidi, likaweka kwa wizi wa mtumishi wa umma adhabu isiyopungua miaka 2 jela na viboko 24. Viboko vile viliondolewa mwaka 1972, lakini jicho kali la sheria juu ya mtu wa kalamu halijafumba.

Kwa hiyo twaomba kila karani, mtunza ghala na mkusanya ushuru ayasome kwa makini mambo mawili yanayofuata, kwani wengi huyageuza juu chini.

La kwanza ni upungufu. Mwaka hata mwaka taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja mapato ya halmashauri yaliyokusanywa kwa mashine na yasionekane benki. Mkaguzi afikapo na kukuta hesabu haikutimia, si ajabu mkubwa wa ofisi akapaza sauti kwamba karani ameiba. Lakini upungufu si wizi. Waweza kuwa kosa la kujumlisha, au stakabadhi iliyoandikwa mara mbili, au fedha alizopokea mwenzio kwa mashine yako ulipokwenda kula. Mshitaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba fedha zilikufikia, na kwamba wewe, wala si mwingine, ulizitwaa kwa nia mbaya. Katiba yenyewe, ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Karani aliyetunza vizuri hati za makabidhiano, zenye tarehe na sahihi za pande mbili, ana utetezi mkononi kabla hajamtafuta wakili. Asiyezitunza huanza kuomba watu wamkumbuke, na siku ya kesi wenzake wa ofisi huwa wasahaulifu sana.

La pili ni kuazima, na hapa sheria ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Mtu atwaa fedha za ofisi tarehe 20, akikusudia kwa moyo safi kuzirudisha siku ya mshahara. Ajiambia, "Sikuiba, nimekopa." Kifungu kile kile cha 258 kimekwisha kumjibu: katika habari ya fedha, nia ya kuzitumia kwa mapenzi yako ni nia ya udanganyifu, hata kama ulikusudia kuzilipa baadaye. Kuzirudisha kwaweza kumlainisha hakimu wakati wa kupima adhabu, hakufuti kosa. Anayejitetea kwa kusema, "Nilitaka kuzirudisha," amemsaidia mshitaki kazi yake.

Sasa tuje kwenye dhahabu, kwani katika ukanda huu wetu mashitaka mengi hunuka udongo wa machimbo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 9, yasema kwamba mtu hana hatia juu ya kosa la mali ikiwa alitenda kwa kudai haki yake kwa uaminifu na bila nia ya kudanganya. Mchimbaji aliyefanya kazi katika duara miezi mitatu akanyimwa mgao wake, kisha akabeba viroba viwili vya mawe mchana mbele ya watu akisema, "Hiki ni changu," huenda amekosea hesabu ya mgao, lakini ana neno la kumwambia hakimu. Shauri lake laelekea kuwa la madai kuliko la wizi. Akivibeba usiku na kuvificha kwa shemeji, neno lile lile litakuwa gumu kuaminiwa.

Hali kadhalika magwangala, yaani mawe ya taka yatokayo mgodini Geita. Vijana waliyatafuta kwa miaka mingi, wakifukuzwa na kukamatwa, hata mwaka 2016 Rais Magufuli alipoagiza wananchi wapewe. Aliyeokota mahali palipotengwa, akiamini ameruhusiwa, si mwizi. Lakini aliyeruka uzio asidhani agizo lile lamkinga, kwa maana kuingia katika ardhi ya mtu kwa jinai ni kosa jingine, nalo halihitaji jiwe hata moja.

Na dhahabu yenyewe ina shida ya ajabu: haina alama. Ng'ombe ana chapa na rangi; baiskeli ina namba; bali dhahabu ikishachomwa ni dhahabu tu. Mahakama ya Rufani imeamua mara nyingi kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa sababu tu alikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mpaka ithibitike kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba ni ya mlalamikaji hasa, kwamba iliibwa kwake karibuni, na kwamba ndiyo ile iliyotajwa katika shitaka. Hapo kwenye neno "ni ya mlalamikaji hasa" ndipo kesi nyingi za dhahabu zaweza kuanguka. Kwa hiyo upekuzi ukifanyika, hati ya vitu vilivyochukuliwa ni kitu kikubwa: iandikwe hapo hapo, mashahidi watie sahihi, na uzito uandikwe kwa gramu. Asiyejua kusoma amwite jirani ajuaye. Twawasihi wanachama wetu wasikatae kuitwa. Askari hapendi shahidi mwenye kalamu, lakini sheria yampenda.

Hata hivyo, soma hati ya mashitaka kabla ya kufurahi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hukataza kuwa na madini bila kibali, na kosa hilo si wizi. Mshitaki hana haja ya kumtafuta mwenye mali. Hapa utetezi ni karatasi: leseni ya uchimbaji au ya biashara, na stakabadhi za soko la madini. Tangu soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mwenye kuuza huko hurudi na maandishi. Auzaye vichochoroni apata bei ya haraka, na siku ya shida hana cha kuonyesha.

Tumesema juu ya kizimbani, lakini mara nyingi kesi imekwisha kuamuliwa kabla, katika chumba cha maelezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa askari saa 4 za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, isipokuwa muda huo umeongezwa kwa njia ya sheria. Tena yataka mtu huyo aambiwe kosa lake, aonywe kwamba halazimishwi kusema neno, na aruhusiwe kumwita wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo Mahakama ya Rufani imeyatupa mara kwa mara. Ungamo lililotolewa kwa kipigo au vitisho halifai kitu, awe aliyepiga ni askari au sungusungu, ambao walianza katika nchi hii ya Shinyanga mapema miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakapewa nguvu ya kukamata kwa sheria ya mwaka 1989. Nguvu ya kukamata si nguvu ya kuungamisha. Wazee wa Shinyanga na Mwanza hawajasahau mwaka 1976, watu walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola katika msako uliohusu mauaji. Januari 1977 Bwana Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo, ijapokuwa mkono wake mwenyewe haukumgusa mtu.

Maelezo yasomwe yote kabla ya sahihi. Lisilosemwa likatwe. Jambo hili, ambalo kwa karani ni kazi ya kila siku, ndilo karani hulisahau akiwa amevuliwa viatu na mkanda.

Akifika mahakamani, mshitakiwa aliye na sababu aseme, "Si kweli," kisha angoje. Kusema hivyo si ukaidi wala si uongo. Ni kumtaka mshitaki athibitishe. Wakili humfaa sana, na asiye na uwezo anayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo chini yake wapo wasaidizi wa kisheria hata wilayani. Hawa hawasimami kizimbani badala yake, lakini wajua njia. Dhamana kwa wizi huombwa. Ila thamani ya mali ikiwa kubwa, sheria hutaka fedha au mali iwekwe kwanza, kwa hiyo ndugu wajiandae na hati. Mwenye kudai kwamba siku ile hakuwapo atoe taarifa mapema, kabla ya kesi kusikilizwa. Akingoja mpaka mshitaki amefunga ushahidi, hakimu ana ruhusa ya kutoupa uzito. Mashahidi wa mshitaki wakiisha, hakimu hupima kama ipo kesi ya kujibu. Ikiwapo, mshitakiwa atajitetea, kwa kiapo au vinginevyo, na kuleta mashahidi wake.

Tena yule aliyejibu "Ni kweli" bado ana nafasi moja ndogo. Mshitaki atasoma maelezo ya kosa, naye ataulizwa tena kama ni sahihi. Akisema hapo, "Nilizipokea, lakini sikuiba," hakimu yampasa kuandika kwamba amekana. Nafasi hiyo ikipita, rufani yake kwa kawaida itakuwa juu ya ukubwa wa adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata.

Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufani hutolewa ndani ya siku 10, na hati ya rufani ndani ya siku 45. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hukabidhi hati yake kwa mkuu wa gereza, ambaye huipeleka mahakamani. Hati hiyo hupita mezani kwa karani, naye karani huyo huenda ni msomaji wa ukurasa huu: aigonge muhuri wa tarehe siku ile ile aliyoipokea, wala asiiache chini ya mafaili mpaka Jumatatu.