Machinga si uchafu wa kufagiwa

Kuna maneno mawili yananichefua kila nikiyasikia: "kusafisha jiji". Yananichefua zaidi kwa sababu na mimi nimewahi kuyaandika. Oktoba 2021, machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, niliandika habari safi kabisa, yenye kauli za wakubwa na picha ya njia ya waenda kwa miguu ikiwa nyeupe. Machinga mwenyewe sikumhoji hata mmoja. Aibu yangu.

Baadaye nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikamkuta kijana anauza soksi, kazitundika begani. Nikamtupia lile swali letu la kisomi: "Kaka, kwa nini usiende sehemu rasmi?" Akacheka. "Bro, wewe soksi unanunua wapi? Unapanda ghorofa kuzitafuta?"

Nikakosa jibu. Soksi zangu nanunua kituo cha daladala.

Hapo ndipo wapangaji wetu wanapochemsha. Mteja wa machinga hakutoka nyumbani kwenda kununua. Amekiona kitu njiani, bei imemvutia, kanunua, kakimbilia gari. Ukimtoa machinga kwenye njia ya mteja hujamhamisha, umemfukuza kazi. Tazama jengo la Machinga Complex pale Ilala. Limejengwa kwa mkopo wa hifadhi ya jamii, na kwa miaka mingi vizimba kibao vilikaa vitupu. Tukasema machinga ni wabishi. Ubishi gani? Wenzenu walipiga hesabu!

Halafu tupo sisi tuliopita vyuoni, tunaosema hawa wamekosa ajira tu, wakipata wataacha. Wapo wa hivyo. Lakini yule kijana ajira alishaipata. Alikuwa mlinzi, mshahara unatoka tarehe arobaini, akichelewa dakika kumi anakatwa. Leo jioni anajua alichopata: hela ya mzigo, ya kula, ya mchezo kwa kijumbe, inayobaki anamtumia mama kijijini. Anajiita bosi, na hatanii. Kinachomnyima usingizi ni kimoja: kesho mgambo watabeba mzigo wake au hawatabeba?

Wengine watasema machinga hawapendi utaratibu. Haya, Desemba 2018 serikali ilipoleta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wengi walitoa hela hiyo mfukoni. Mkwepa sheria gani analipia kutambuliwa? Haikupita miaka mitatu, wenye vitambulisho na wasio navyo wakaambiwa ondokeni.

Sisemi barabara zizibwe. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu wana haki ya kupita. Mwenye duka analipa pango na kodi, kuzibiwa mlango ni kuonewa. Ila kati ya kuziba na kufukuza kuna nafasi kubwa: mistari ya rangi chini, mitaa inayofungwa kwa magari jioni, masoko yanayojengwa pale daladala zinaposhusha abiria. Na kabla ya kuchora ramani, muulizeni anayesimama juani saa kumi kwa siku.

Mimi nilichelewa kumuuliza. Wenye ramani mkononi wasubiri nini?