Nduthi ya Stima: Usihesabu Mafuta Peke Yake

Kwa steji nyingi za boda Nairobi siku hizi mjadala ni mmoja: nduthi ya stima inaokoa pesa kweli, ama ni hadithi tu? Kuna anayeapa kwamba anaweka akiba kila jioni. Kuna mwingine anayesema tangu achukue ya stima mfuko umekauka. Maoni yetu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Pikipiki ni ile ile, lakini madeni yao hayafanani.

Kwanza tuseme wazi: tunaipenda nduthi ya stima. EPRA hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na mwendesha boda hana la kufanya ila kukubali. Oktoba 2023 petroli ilifika Sh217.36 kwa lita hapa Nairobi, na wengi bado wanakumbuka. Mwaka huo huo EPRA iliidhinisha bei maalum ya stima ya kuchaji magari na pikipiki: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo haiji yenyewe kwa mita ya kawaida ya nyumbani, lakini inaonyesha upepo unavuma wapi.

Shida yetu ni vile watu wanauziwa. Tangazo linakuonyesha mafuta upande mmoja na stima upande mwingine, basi. Malipo ya kila siku ya mkopo yanakuja baadaye, ukishaweka sahihi.

Hesabu ya watu wawili

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kuelewesha tu, weka zako mahali pake.

Tuseme unaendesha kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Nduthi ya petroli inakula lita 3 kwa siku. Lita ikiwa Sh180, hiyo ni Sh540 kwa siku, yaani Sh14,040 kwa mwezi. Ongeza Sh1,500 ya oili na plagi. Jumla ni Sh15,540.

Nduthi ya stima, kwa mfumo wa kubadilisha betri kituoni: tuseme unabadilisha mara 2 kwa siku, kila mara Sh150. Hiyo ni Sh300 kwa siku, Sh7,800 kwa mwezi. Oili hakuna, plagi hakuna. Matairi, breki na beringi bado zipo, lakini hizo hata ya petroli inazo. Umeokoa Sh7,740 kwa mwezi. Hapo tangazo linaishia.

Sasa leta mkopo wa Sh400 kwa siku. Mkopo haujui Jumapili, haujui mvua, haujui homa. Unahesabu siku 30, kwa hivyo ni Sh12,000 kwa mwezi.

Mtu wa kwanza ni kijana anayeanza kazi. Hana pikipiki, na hata akichukua ya petroli atakopa, tuseme kwa malipo yale yale. Huyu akichagua ya stima, Sh7,740 ni zake kila mwezi. Aende tu.

Mtu wa pili tayari ana nduthi ya petroli, alimaliza deni zamani. Akihama leo anaokoa Sh7,740 lakini analipa Sh12,000. Kila mwezi anarudi nyuma kwa Sh4,260. Mkopo ukiwa wa miezi 24, hiyo ni Sh102,240. Akiuza ile ya zamani kwa bei nzuri, pengo linapungua. Lakini akihama kwa sababu tu rafiki yake amehama, atashangaa pesa zinaenda wapi na mafuta hanunui tena.

Betri ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hawaulizi. Uniti moja ya stima husukuma nduthi kama kilomita 25 hivi, kutegemea mzigo na milima. Kilomita 120 ni uniti 5. Ukichaji nyumbani na kila uniti inakugharimu Sh30, siku nzima ni Sh150. (Kujua bei yako halisi, chukua pesa ulizonunulia tokeni, gawa kwa uniti ulizopewa.) Mbona basi kituoni ulipe Sh300?

Ile Sh150 ya juu unalipia betri yenyewe, kituo, na muda. Kubadilisha betri ni dakika chache tu, kuchaji ni masaa. Pia betri ikizeeka, mzigo ni wa kampuni, na betri ndiyo kitu ghali zaidi kwa hiyo pikipiki. Si bei mbaya. Lakini jua kwamba hata ukimaliza mkopo, bila vituo vya kampuni hiyo pikipiki yako haiendi mahali. Kama unafanya kazi Kitengela na kituo cha karibu kiko Mlolongo, hizo kilomita za kwenda na kurudi ni gharama pia.

Simu yako inajua ukweli

Kabla uweke sahihi popote, fanya hivi. Kwa mwezi mmoja lipia mafuta kwa till, usilipe kwa pesa taslimu. Mwisho wa mwezi itisha stetimenti, jumlisha. Hiyo ndiyo gharama yako, si ile ya kwa tangazo.

Kisha muulize anayekuuzia maswali haya, na majibu yawe kwa maandishi:

- Nitalipa jumla ya pesa ngapi hadi siku ya mwisho?
- Siku ambayo sijafanya kazi, ninalipa?
- Nikichelewa, pikipiki inazimwa kutoka mbali? Baada ya siku ngapi?
- Betri ni yangu ama ya kampuni?
- Bei ya kubadilisha betri inaweza kupanda katikati ya mkataba?
- Ada ya paybill inanikata mimi ama inakata kampuni? Shilingi chache mara 2 kwa siku, mwaka mzima, si chache tena.

Akikwepa swali la kwanza, shukuru na uende zako.

Ukishahama, usiache ile akiba ichanganyike na pesa ya lanchi. Kila jioni tuma tofauti kwa akaunti ya akiba iliyofungwa. Siku ya mvua ikifika, hiyo ndiyo italipa mkopo.

Na sisi tunaoshughulika na malipo tuna deni letu pia. Tunaamini kila mwendesha boda anayelipa polepole kwa simu anafaa kuona, kila akilipa, mambo matatu kwa meseji: amelipa ngapi kufikia sasa, imebaki ngapi, na lini itaisha. Mtu anayelipa bila kuona mwisho hawezi kupanga maisha yake.

Stima inaweza kukutoa kwa utumwa wa bei ya petroli. Hakikisha tu haikupeleki kwa utumwa mwingine. Piga hesabu kwanza, PIN baadaye.