Kamba za Mabegani Hazibebi Matiti

Wengi huamini kwamba kamba za mabegani ndizo zinazobeba matiti. Ndiyo maana mwanamke hukaza kamba kila anapoona matiti yameshuka, hununua sidiria pana ili asibanwe, kisha huulaumu umri au uzazi mabega yanapouma. Imani hiyo ni potofu. Imewagharimu wanawake fedha na maumivu ambayo yangeepukika kwa futikamba ya fundi cherehani na dakika chache za kujipima.

Kazi kubwa ya sidiria hufanywa na mkanda unaozunguka kifua chini ya matiti. Titi halina msuli wa kulinyanyua. Ndani yake mna tezi, mafuta na nyuzi zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Mkanda unaokaa sawasawa hushika mbavu pande zote, na vikombe huegemea juu yake. Kamba hukivuta tu kikombe kikae karibu na mwili. Ushahidi wake ni sidiria ambayo bibi harusi huvaa chini ya gauni la mabega wazi: haina kamba hata moja, na bado hukaa mahali pake.

Mkanda ukilegea, mgongoni hupanda na mbele hushuka. Mvaaji akikaza kamba, huzidi kuuvuta mkanda juu kwa nyuma, na uzito wote huhamia kwenye vipande viwili vyembamba vya kitambaa. Hapo ndipo mabega hupata mifereji myekundu na shingo ikaanza kuuma. Kukaza kamba zaidi ni kuongeza tatizo lilelile.

Mikanda mipana hutetewa na kanuni ya kale: pima chini ya matiti, ongeza inchi 4. Kanuni hiyo ni ya enzi za vitambaa visivyovutika. Mary Phelps Jacob wa New York alipopata hataza ya sidiria yake mwezi Novemba 1914, nyuzi zinazovutika za elasteni zilikuwa bado hazijabuniwa. Zilibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont. Mkanda wa leo hunyumbuka kwa kila pumzi, hivyo inchi hizo 4 hazina kazi tena.

Kipimo sahihi huanzia chini ya matiti, futikamba ikiwa imebana kidogo na imelala sawa mbele na nyuma. Inchi hizo ndizo namba ya mkanda. Kisha hupimwa sehemu ya matiti iliyojaa zaidi. Tofauti ya inchi 1 ni kikombe A, 2 ni B, 3 ni C na 4 ni D. Mwenye inchi 32 chini na 36 juu huvaa 32D. Mara nyingi mwanamke huyo huuziwa 36B na hashtuki, kwa sababu vikombe vya 32D, 34C na 36B vina ujazo unaokaribiana. Kwenye kioo vikombe vimejaa vizuri, kumbe mkanda umempita kwa inchi 4. Herufi D nayo humtisha bure, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ya matiti makubwa tu.

Wapo wanaoogopa kwamba mkanda uliokaza huleta saratani. Utafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, uliotolewa mwaka 2014 na kuhusisha wanawake zaidi ya 1,500 waliokoma hedhi, haukuona uhusiano wowote kati ya uvaaji wa sidiria na saratani ya matiti. Hata hivyo, mkanda unaofaa haubani mno: huruhusu vidole viwili kupita chini yake bila shida. Sidiria mpya hufungwa kwenye kulabu za mwisho kabisa, zilizo legevu zaidi, ili mpira unapochoka mvaaji asogee kwenye kulabu za ndani. Anayeanzia za ndani amejinyima miezi ya matumizi.

Kwa kuwa mkanda ndio mhimili, kutunza sidiria ni kutunza mpira wake. Jasho, joto, jua kali na dawa za kung'arisha zenye klorini ndivyo vinavyouchosha. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, sidiria iliyoloa jasho ifuliwe siku hiyohiyo: kulabu zifungwe, sabuni iyeyushwe kwanza katika maji baridi, iloweke dakika chache, kisha ibanwe kwa viganja. Kuifikicha na kuikamua kama dekio hupinda waya na kuvunja sponji.

Uanikaji una desturi yake. Kwa staha, wanawake wengi huifunika sidiria kwa khanga juu ya kamba, ikabaki na unyevu na kuvunda, hasa wakati wa masika. Staha hiyo hiyo hupatikana kwa kuanika khanga kwenye kamba ya mbele na sidiria kwenye kamba ya nyuma, kivulini penye upepo. Ining'inizwe kwa kiungo cha katikati ya vikombe, kwa maana ikining'inizwa kwa kamba zake uzito wa maji huzivuta. Sidiria pia isigeuzwe pochi ya noti na simu. Vitu hivyo hutanua kikombe na kukaribisha jasho.

Kabati la kutosha halihitaji rundo. Sidiria tatu za kila siku zinatosha: moja mwilini, moja kwenye maji, moja ikipumzika ili mpira urudi. Mbili kati yake ziwe za rangi inayokaribia ngozi ya mvaaji, maana nyeupe huonekana chini ya blauzi nyepesi. Anayekimbia aongeze ya michezo, anayenyonyesha achague inayofunguka kwa mbele isiyo na waya. Za mtumba ziachwe: Shirika la Viwango Tanzania linakataza nguo za ndani zilizotumika kwa sababu za kiafya, na mpira wake tayari umetumikia mwili mwingine.

Siku sidiria inapopanda mgongoni hata ikiwa kwenye kulabu za ndani kabisa, imekwisha, hata kama lesi yake bado inang'aa. Wauzaji waweke futikamba mezani, na kina mama wawafundishe mabinti zao kuuliza kipimo cha mkanda kabla ya rangi na bei.