Bima ya gari si karatasi ya kumwonyesha polisi

Muulize dereva wa teksi hapa Lubumbashi kwa nini alilipa bima. Wengi watakujibu: ili polisi wa barabarani wasinisumbue. Ni jibu la kweli, na tatizo linaanzia hapo. Tunanunua kibandiko cha kioo cha mbele, mkataba wenyewe tunaukunja na kuutia chini ya kiti. Kwa Kifaransa mkataba huo unaitwa "police", neno lile lile la polisi. Pengine ndiyo sababu tunachanganya mambo.

Jirani yangu wa Katuba ana basi dogo la abiria. Siku moja ya mvua liliteleza, likabomoa ukuta wa mtu, nalo likavunjika sehemu yote ya mbele. Kampuni ya bima ikamlipa mwenye ukuta. Kwa basi, hata franka moja haikutoka. Mzee huyo mpaka leo anasema walimwibia. Nilimwomba mkataba, tukausoma pamoja. Alichonunua ni bima ya madhara kwa watu wengine, ile inayolazimishwa na sheria. Inalipa hasara unayowatia wengine, ya mwili au ya mali. Gari lako mwenyewe halimo, isipokuwa umeongeza pesa kwa ajili yake.

Hakuibiwa. Lakini siku alipotoa pesa hakuna aliyemweleza hilo, na mimi naliona kuwa kosa kubwa.

Hata anayeongeza pesa anapaswa kutafuta neno "franchise" katika mkataba. Ni sehemu ya hasara inayobaki juu yako. Ikiwa ni dola 300 na matengenezo ni dola 2.000, utapewa 1.700. Matengenezo yakiwa dola 250, hupati kitu. Bima ya bei ya chini mara nyingi ina sehemu hiyo kubwa, au orodha ndefu ya mambo yasiyolipwa: dereva asiye na leseni, dereva mlevi, abiria kupita idadi. Na ukiandikisha gari kuwa la matembezi ya familia kisha ukalifanya teksi, umedanganya juu ya hatari ambayo kampuni ilikubali kuibeba. Usishangae wakikataa.

Kosa lingine tunalifanya kando ya barabara. Magari yanagongana, watu wanapatana pale pale, mmoja anasaini kwamba kosa ni lake. Kampuni haifungwi na maneno hayo. Inataka kujulishwa haraka, ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba, pamoja na ripoti ya polisi.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa aliyegongwa. Mama anayeuza mboga akivunjwa mguu na pikipiki, familia inachanga pesa za hospitali, na dereva akileta dola 50 na pole, mambo yanaishia hapo. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia kinasema anayemtia mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Bima iliwekwa kwa sababu dereva mwenyewe mara nyingi hana uwezo huo. Mama huyo anaweza kuidai kampuni ya pikipiki hiyo, hata kama yeye hajawahi kununua bima maishani. Andikeni namba ya gari na jina la kampuni kabla dereva hajaondoka.

Zamani SONAS ilikuwa peke yake sokoni. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na leo kampuni kadhaa zinagombania wateja. Zinagombania kwa bei, si kwa maelezo. Mikataba ni ya Kifaransa cha wanasheria, herufi ndogo, wakati Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

ARCA, inayosimamia kampuni hizo, iwalazimishe kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili: kinacholipwa, kisicholipwa, kinachobaki juu ya mteja, siku za kutoa taarifa. Wakala ausome mbele ya mteja kabla ya kupokea pesa. Kuchapa ukurasa mmoja hakufilisi kampuni. Jirani yangu, kwa upande wake, ameuza basi kama vyuma vikuukuu na sasa anaendesha la mtu mwingine.