Uinjinia wa Meli: Mtoto wa Kolo na Mtoto wa Kisiwani



Kila msimu wa karafuu unapokwisha na fedha zikawa mikononi, wazee hutujia ofisini kutaka shauri juu ya watoto wao waliomaliza kidato cha nne. Wengi huuliza jambo moja: je, mtoto apelekwe meli? Tumeona ni bora tujibu hapa, kila mwanachama apate kusoma.

Jawabu letu ni hili: apelekwe, lakini apitie mlango wa chuo, na akasomee injini. Mlango wa dalali asiukaribie.

Wako wanaodhani kwamba bahari ni urithi wetu sisi watu wa visiwani, na kwamba mtu wa bara hawezi kutushinda katika kazi zake. Twawaomba waitazame ramani. Kolo ni kijiji cha Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, katika njia ya kwenda Arusha. Kinajulikana kwa michoro ya kale ya miambani, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kutoka huko mpaka pwani ni zaidi ya maili 200, na kijana wa Kolo huenda hajapata kuyaona maji ya chumvi kwa macho yake. Lakini Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1978 kama kituo cha mafunzo na kufanywa chuo kamili kwa sheria ya mwaka 1991, hakimwulizi mwombaji kama babu yake alikuwa nahodha. Humtazama alivyofaulu masomo yake, na khasa Hesabu, Fizikia na Kiingereza. Basi kijana wa Kolo aliyekesha na kitabu chake atampita kijana wa Kojani aliyezaliwa na ngalawa mlangoni.

Tena injini haijui bara wala pwani. Mashine ya dizeli ya kusaga unga kijijini hufanya kazi kwa kanuni zile zile za injini ya meli. Aliyeifungua, akaisafisha, akaifunga ikawaka, huyo ameanza safari ingawa yuko mbali na bandari.

Historia ya nchi yetu inao ushahidi wake. Meli iliyoitwa Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikateremshwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa Reli ya Kati, kupitia Dodoma, mpaka Kigoma. Meli hiyo ilivuka nchi kavu ya Ugogo kabla ya kuelea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, ilitolewa amri izamishwe. Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka kwao wakazipaka injini grisi nzito kwanza, ndipo wakaizamisha. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliokolewa na uangalifu wa watu wa injini, watu ambao abiria hawaoni sura zao.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Injinia wa meli si fundi wa spana tu. Chini ya mkono wake zimo injini kuu, jenereta za umeme, pampu za kutoa maji, mafuta na usafishaji wake, na mitambo ya usukani. Hushika zamu, usiku na mchana, katika joto na kelele. Huanza ofisa mdogo, akapanda kuwa injinia wa pili, kisha injinia mkuu, ambaye hujibu kwa nahodha juu ya mitambo yote.

Sheria za vyeti vyake ni za dunia nzima. Zimo katika Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, uliorekebishwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010. Umri usipungue miaka 18. Anayefuata mafunzo yaliyoidhinishwa hutakiwa kutimiza si chini ya miezi 12 ya karakana na bahari, na humo ashike zamu ya chumba cha injini miezi 6 akiangaliwa. Asiyepitia mafunzo hayo hutakiwa miezi 36, na 30 kati yake iwe baharini katika idara ya injini. Akishapata cheti cha ofisa, hutakiwa miezi 12 ya kazi ndipo atahiniwe kuwa injinia wa pili wa meli kubwa, na jumla ya miezi 36 ndipo afikie ukuu. Ukijumlisha na miaka ya chuo, aliyebahatika hufika kwa miaka saba au minane, na wengi huchukua zaidi. Wanachama wanaujua muda huo: ni karibu sawa na wa mche wa mkarafuu mpaka kuanza kuchumwa.

Ndiyo maana tunamwogopa dalali. Yeye huahidi meli katika miezi mitatu, na mzee huweka mikarafuu rehani. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 umekataza baharia kutozwa fedha ili apatiwe kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Anayedai zaidi ya hapo, mzee na amwonyeshe mlango.

Liko na jambo linalotugusa sisi wasafiri wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia kupita kiasi, na tarehe 18 Julai 2012 ikafuata Skagit karibu na Chumbe. Hakuna nyumba isiyojua msiba ule. Hatusemi kwamba injinia mmoja angaliuzuia, maana kupakia watu na mizigo si amri yake. Twasema kwamba meli zinazobeba wake zetu na watoto wetu zahitaji maofisa wenye elimu, wenye cheti cha kupoteza wakikaa kimya.

Shida kubwa iliyobaki ni nafasi za mazoezi. Kijana humaliza darasa akakosa meli ya kumchukua, na masomo yake yakasimama. Rai yetu ni kwamba kila meli iendayo Unguja, Pemba na Dar es Salaam itenge nafasi ya mwanafunzi mmoja katika chumba cha injini, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iyafanye hayo kuwa sharti. Nauli zetu wanazichukua kila siku. Si vibaya kuwafundishia watoto wetu.

Nanyi wazazi, fedha za msimu huu zitieni kwanza katika mwalimu wa Hesabu na Fizikia, kwa mtoto wa kiume na wa kike pia, kwa kuwa mkataba haukubagua. Mtoto wa Kolo naye anasoma.

Mwenye rai nyingine na atuandikie.

Katibu wa Chama