Kabla ya kugawanya diski, tumia flashi

Jamani wakereketwa wenzangu wa Linux, tumezidi. Mtu akiuliza tu Ubuntu ikoje, jibu letu ni lile lile: gawanya diski, weka mifumo miwili. Picha zake za harusi zikipotea, tunamwambia eti angeweka nakala!

Tangu Windows 10 ikose usaidizi wa kawaida Oktoba 14, 2025, wenye laptopu zisizo na TPM 2.0 wanauliza swali hili kwa shida ya kweli. Pesa ya mashine nyingine hawana.

Wape flashi ya 16GB. Mtu anaweka Ubuntu ndani yake, anawasha laptopu kutoka kwenye flashi, anachagua kujaribu, si kusakinisha. Diski haiguswi. Baada ya nusu saa anajua kama wifi, sauti na printa vinakubali. Ndiyo, flashi ni polepole, na akizima, alichofanya kinafutika. Si neno.

Wengine watasema VirtualBox. Kwenye RAM ya 4GB? Mifumo miwili itagombania kumbukumbu, kisha Linux ndiyo ilaumiwe. Tena mashine pepe hupewa kadi bandia ya mtandao, kwa hivyo kuhusu wifi yako haikuambii lolote.

Kugawanya diski kuje mwisho: baada ya nakala, baada ya kuzima Fast Startup, na kama BitLocker imewashwa, baada ya kuandika pembeni ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Nani kati yetu huyataja haya? Mimi mwenyewe nilikuwa siyataji.